Mwaka wa Kina Beatrice

Mama Leokadia tulimzika mwezi wa pili mwaka huu, katika udongo ulioganda hata ikabidi upashwe moto kwanza ndipo uchimbike, na tuliohudhuria tungetosha kwenye meza moja. Mwanawe Deo alisimama karibu na kaburi, mikono mfukoni, nywele zote zimekuwa kijivu. Kando yake alikuwa binti yake Rehema, ambaye sasa ni mwanamke mzima, na ambaye bibi huyo ndiye aliyemlea tangu siku alipotoka hospitalini amefungwa blanketi. Baada ya maziko tuliingia kunywa kahawa katika chumba cha kanisa, na Rehema akaja kuketi karibu nami. Anakielewa Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiswidi, kama wengi waliozaliwa hapa. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi na marehemu mama yake tulikuwa na jina moja. Nikamwambia ni kweli, sote wawili tuliitwa Beatrice. Akasema bibi yake hakuwahi kumsimulia habari za mama yake. Kila alipoulizwa aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. "Wewe ulikuwepo," akaniambia. "Mimi nimebaki na picha tu na maneno ya watu." Nilimsimulia kidogo pale pale, kahawa ikipoa. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba niliyomsimulia hayakuwa hata robo, na kwamba yaliyobaki yalikuwa yamekaa ndani yangu miaka yote hii, sawasawa kama yalivyotokea.

Mwaka aliozaliwa Rehema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliishi Flemingsberg kwa shangazi yangu, katika moja ya yale majengo marefu ya rangi yanayoitazama reli. Shangazi alikuwa akihudumia wazee, mtu wa akili zake na ulimi mkali, asiyependa makanisa ya kukesha wala manabii wa kupita. Simu ilikuwa ukutani jikoni, yenye waya mrefu, na kwa kuwa kitanda changu kilikuwa nyuma tu ya mlango wa jikoni, karibu kila nilichokijua kuhusu watu wetu wa Stockholm nilikijua kwa kumsikia Shangazi akizungumza huku akikaanga vitunguu. Mchana nilisoma shule ya watu wazima, na huko ndiko nilikokutana na Bea, mama yake Rehema. Siku ya kwanza ya somo la historia, mwalimu wetu Gunilla aliita Beatrice, tukaitika wawili. Darasa likacheka. Nikageuka nikamwona msichana mrefu mwenye macho makubwa, amevaa koti lisilofunga vifungo kwa sababu ya mimba, ananitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake stesheni ya ugenini. Wakati wa mapumziko alinijia moja kwa moja. "Tuko homonymes," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa. "Kwetu mtu wa jina lako iko dada yako. Huwezi kukataa." Nikamwambia kwetu Tanzania tunasema wajina. Neno hilo akalipenda, na tangu siku hiyo hakuniita kitu kingine.

Gunilla alikuwa mwanamke wa makamo aliyetembea darasani kwa soksi za sufu na kuamini kwamba mtu huipenda historia akiiona imebeba jina lake. Alitupa kazi: kila mmoja atafute watu wa Zama za Kati walioitwa kama yeye, aje awaelezee wenzake. Mimi na Bea tukaruhusiwa kufanya pamoja. Basi majira yale ya majani kupukutika tulikutana kila wiki katika maktaba ya Hallunda, karibu na nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe na mama mkwe wake, tukafunua vitabu vizito vyenye picha za mawe ya makaburi. Kina Beatrice walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Kulikuwa na yule wa Provence, ambaye dada zake walikuwa malkia na yeye bado, wakamketisha chini yao siku ya karamu, akalia, na mumewe akamwapia kwamba atamtafutia taji. Kulikuwa na yule wa Ureno, aliyeozwa angali mtoto ili mume apate kuidai nchi ya baba yake, kisha nchi yenyewe ikamkataa. Kulikuwa na yule wa Napoli, malkia wa Hungaria, ambaye hakuzaa, na kila kilichoharibika kule kikasemekana kimeharibiwa na yeye. Vitabu vilieleza waliolewa na nani, walikwenda na mali gani, walizikwa wapi. Walichokipenda kula, walivyocheka, nani waliyemwogopa, hakuna aliyeandika. "Hawa walikuwa vifurushi," Bea alisema siku moja, kidole chake kikiwa juu ya uso wa jiwe wa mmoja wao. "Wanafungwa, wanatumwa, wanafika." Akaondoa kidole. "Mimi pia nilitumwa, Wajina. Deo nilimjua kwa picha. Siku nilifika uwanja wa ndege, aliyenivalisha koti ni mama yake. Deo alisimama nyuma anaona aibu."

Baada ya maktaba tulikwenda kwao kula. Nyumba ilikuwa ghorofa ya kati, mapazia mazito hayafunguliwi, joto, harufu ya mawese na ya samaki wa chumvi. Mama Leokadia alitwanga sombe, yale majani ya muhogo tunayoyaita kisamvu, kwa kinu alichokiweka juu ya blanketi lililokunjwa, ili jirani wa chini asigonge dari kwa mpini wa ufagio. Majani aliyanunua yameshasagwa na kugandishwa, lakini usagaji wa kiwandani hakuuamini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyetabasamu. Hakumruhusu Bea kupika wala kufungua kabati la vyakula. Aliweka sahani mezani, kisha alisimama nyuma ya kiti chako mpaka umeze tonge la kwanza, ndipo alipoondoka. Kwenye jiko, kando ya vyungu vingine, palikuwa na sufuria ndogo yenye maji ya majani, meusi karibu kama wino, aliyompa Bea kila asubuhi. "Inasafisha damu," alisema nilipoitazama. "Mutoto anatoka na ngozi safi." Sikujua yalikuwa majani gani. Mpaka leo sijui. Leo nimeufikia umri aliokuwa nao wakati ule, na mimi pia husimama nyuma ya viti vya watu ninaowapenda kuona kama wanakula. Lakini wakati ule nilikuwa msichana, na mgongo wangu ulisisimka kila aliposimama pale bila kusema neno.

Ni Gunilla aliyetuambia kwamba tunatafuta mbali. Alitukuta tukiandika habari za yule wa Ureno, akasema yupo Beatrix mmoja aliyekufa hapa hapa, na inasemekana alizikwa kwenye nyumba ya watawa iliyokuwa katika mji wa kale, mahali ambapo sasa watu wanapita juu yake na mifuko ya madukani. Akatuletea kitabu. Habari zenyewe zilikuwa nusu ukurasa. Msichana kutoka Bavaria, aliyeletwa Uswidi akaolewa na Erik, mfalme kijana aliyetawala pamoja na baba yake baada ya kugombana naye. Katika mwaka mmoja Erik akafa, na Beatrix naye akafa. Bea alikuwa anasoma kwa sauti, neno baada ya neno, na alipofika chini ya ukurasa akasimama. "Wajina, hili neno gift, si ndilo tunajaza ofisini? Kwamba nimeolewa?" Nikamwambia ndilo. "Basi hapa linasema nini? Linasema mama mkwe aliwapa gift." Gunilla akaeleza kwamba katika Kiswidi neno hilo ni moja kwa mambo mawili: kuwa katika ndoa, na sumu. Akaeleza kwamba waandishi wa zamani walimshutumu malkia Blanka, mama yake Erik, kuwa ndiye aliyewapa sumu mwanawe na mkwewe. Wanahistoria wa leo, akasema, wanaona walikufa kwa tauni, na wako wanaodhani Beatrix alikuwa mjamzito na alikufa katika uzazi. Bea alikuwa amecheka aliposikia habari ya neno lenye maana mbili. Sasa hakucheka tena. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake, na kiganja hicho hakikuondoka pale mpaka maktaba ilipofungwa.

Tangu hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka, au ndipo nilipoanza kuyaona. Bea alikuwa na maumivu ya kichwa. Miguu ilimvimba hata akaja shule na viatu vya Deo. Siku nyingine alitapika baada ya kula, akanitazama kwa namna iliyonifanya nisiulize. Kila Jumapili alikwenda na Deo kwenye kikundi cha maombi kilichokutania Jordbro, kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Zawadi, na huko, nikaja kujua, alisimulia habari za malkia wa jina lake. Walikuwa wamemleta mhubiri wa kupita, mtu wa suti nyeupe, na huyo akamwekea Bea mkono kichwani akasema anaona mkono wa nyumbani unakoroga kitu ndani ya chungu. Hakutaja jina la mtu. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Jioni moja nilimsikia Shangazi kwenye simu, kisu kikigonga ubao wa kukatia. "Upuuzi," alikuwa akisema. "Leokadia ninamfahamu tangu alipoingia nchi hii. Amezika watoto wawili Bukavu, amembeba huyu mmoja mgongoni mpaka mpakani. Ampe sumu mjukuu wake?" Akasikiliza. "Majani tunakunywa sote. Hata wewe uliyanywa." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, na kisu kikanyamaza. "Hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Hapana, hilo la Bukavu sikulisikia." Nilingoja aseme ni jambo gani la Bukavu. Alikata simu, akaendelea kukata kabichi, na alipogundua niko mlangoni akaniambia nikaanue nguo.

Siku yetu ya kuwaelezea wenzetu darasani, mimi nilianza na wale wa mbali, nikaeleza karamu na taji na jiwe la kaburi. Bea akamaliza na yule wa Stockholm. Alisimama ameegemea meza, uso umevimba, anazungumza Kiswidi kilichonyooka kuliko siku zote. Alisema Beatrix alikuja katika nchi ya baridi, hakuwa na mama yake, alikula alichopewa. Alisema watu wa wakati ule walijua kilichotokea kwa sababu walikuwepo, na watu wa leo wanasema tauni kwa sababu hawakuwepo. Gunilla alivua miwani akaifuta. "Ni hoja nzuri," akasema kwa upole. "Lakini kumbuka jambo moja. Blanka alikuwa na maadui, na maadui zake ndio waliojua kuandika. Yeye hakuna aliyemwuliza." Tulipotoka nje, theluji nyembamba ilikuwa imeanza, ile isiyoshika. Nikamwambia Bea asimsikilize mhubiri, aende kwa mkunga, amwambie habari ya kichwa na miguu. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mzito. "Mwalimu iko mtu mzuri," akasema. "Lakini hana mama mkwe. Na wewe, Wajina, bado hujaolewa."

Wiki iliyofuata hakuja shule, wala iliyofuata. Nilikwenda Hallunda. Mama Leokadia alifungua mlango, akaniingiza, akaniwekea sahani kabla sijaketi. Akaniambia Bea amehamia kwa Mama Zawadi, na Deo naye analala huko siku za kazi kwa kuwa ghala analofanyia kazi liko karibu. "Amesema chakula yangu inamuumiza," alisema, akitazama dirisha lililofunikwa pazia. "Nilipiga simu. Wanasema anaomba. Kila saa anaomba." Kisha akasema jambo ambalo lilinishangaza, kwa kuwa lilikuwa ombi, na sikudhani alikuwa mtu wa kuomba: "Wewe watakufungulia mlango. Nenda umwone miguu. Ukute kama kidole kinaacha shimo." Niliondoka bila kumaliza sahani. Njiani kwenda Jordbro, nikibadilisha treni stesheni ya Älvsjö, nikajiuliza kama ninatumwa na mtu mwenye uchungu au na mtu anayetaka kujua kazi yake imefika wapi. Nalisema jambo hilo wazi kwa sababu Rehema ataliuliza: hata mimi niliyekula mezani pake sikuwa na uhakika.

Chumba cha Mama Zawadi kilikuwa kimejaa wanawake wameketi chini, viatu vyao vimepangwa nje ya mlango. Bea alikuwa kwenye kochi, amefunikwa shuka nyeupe. Sikumtambua mara moja. Macho yalikuwa yamezama katika uso uliovimba kama mkate uliochachuka. Alikuwa kwenye mfungo, maji tu na mafuta waliyoyaombea. Nilipiga magoti nikabonyeza mguu wake, na kidole changu kikaacha shimo ambalo halikurudi. "Wajina," akanong'ona, "naona nyota. Zinashuka kando ya pazia. Mama Zawadi anasema ni malaika." Akauchukua mkono wangu akauweka chini ya mbavu zake za kulia. "Hapa panawaka. Ni ile sumu inatoka." Nikamwambia Mama Zawadi tuite gari la wagonjwa. Hakuwa mtu mbaya, Mama Zawadi. Nimemwona baadaye akilea watoto wa wengine bila malipo. Aliniambia kwa utulivu kabisa, "Binti yangu, tukimkatisha katikati, kilichomshika kitarudi kikiwa na nguvu zaidi. Acha tumalize." Simu ilikuwa nyuma yake, na wanawake walikuwa kati yangu na simu. Sikujua nifanye nini. Nikatoka, nikavaa viatu bila kufunga kamba, nikakimbia kuelekea upande wa maghala.

Deo nilimkuta mlangoni pa ghala, amevaa kizibao cha njano, anapanga mbao za kubebea mizigo. Aliponiona hakuuliza kitu. Alikimbia mbele yangu, mwanamume aliyekuwa mpole hata darasa lake la Kiswidi lilimcheka, na alipoingia kwenye kile chumba aliwapita wanawake kama mtu anayepita kwenye nyasi, akanyanyua simu. Alikuwa anataja jina la mtaa kwa mara ya pili Bea alipoanza kutikisika. Kwanza mkono, kisha taya, kisha mwili mzima. Wanawake wakapaza sauti, wakakemea kilichomshika kitoke. Deo alimshika kichwa, anasema jina lake tu, Bea, Bea, na mimi nikimsikia nikahisi kama ni mimi ninayeitwa kutoka mahali pa mbali.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji, akiwa hai. Bea hakuamka. Katika kile chumba kidogo ambamo madaktari huwaketisha ndugu, palikuwa na meza, boksi la karatasi za kufutia machozi, na picha ya ziwa. Mama Leokadia alikuwa amefika kwa teksi, na kilemba chake kimekaa upande. Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu, na kwa kuwa Kiswidi cha Deo kilikuwa kimemtoka chote, mimi ndiye niliyetafsiri. Nilisema presha ya damu ilipanda. Nilisema figo na ini. Nilisema ni kile wanachokiita kifafa cha mimba, na kwamba damu ilipasukia kichwani. Mama Leokadia akaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayehesabu mizigo inayoshushwa. Nilipomaliza, Deo akasema bila kuinua uso, "Muulize kama ni sumu."

Nilimtazama mama yake. Alikuwa ameketi mkono wa kuume wa mwanawe, karibu hata mabega yao yaligusana.

"Muulize," Deo akarudia. "Mimi ninataka kusikia."

Nikauliza. Daktari hakuelewa kwanza kwa nini ninauliza hivyo. Kisha akaelewa, akamtazama mama mzee, akaona haya kwa ajili yetu sote. Akasema hapana. Akasema wamepima damu, hakuna sumu, ugonjwa huu hutoka katika mimba yenyewe, hauletwi na mtu wala chakula. Nikatafsiri neno kwa neno, na nikasema tena mara ya pili ingawa hakuna aliyeniomba. Deo alifuta uso kwa pindo la kile kizibao cha kazi. Mama Leokadia alikuwa anamtazama mwanawe. Sijawahi kuona mtu akitazamwa namna ile, wala kabla wala baada, na nimefanya kazi hospitalini zaidi ya miaka ishirini. Kisha akainuka polepole, akamwuliza daktari kwa Kiswidi chake kidogo: "Mtoto, wapi?"

Matanga yalifanyika katika ukumbi wa chini ya jengo lao, mahali ambapo siku nyingine watoto hucheza mpira wa meza. Watu walijaa, kutoka Hallunda, kutoka Jordbro, Waganda, Wakenya, Wakongo kwa wingi. Deo alikuwa amewaeleza watu alichosema daktari. Walimsikiliza, wakaitikia. Nikiwa kwenye foleni ya kutundika makoti nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Daktari anaona damu. Kilichoiharibu damu hawezi kukiona." Mwenzake akasema, "Na yule malkia wao, si walisema vile vile kwamba ni tauni?" Nilishtuka. Habari ya kitabu cha maktaba ilikuwa imefika mbele yangu, imekuwa ushahidi.

Mama Leokadia alikuwa amepika. Peke yake, usiku na mchana, kwa watu wote wale. Palikuwa na sombe, maharage, wali, samaki wa chumvi, ugali wa muhogo uliofungwa kwenye plastiki usipoe. Vyungu vyake vilikuwa kwenye meza ya upande wa kulia. Kwenye meza ya kushoto palikuwa na vyungu walivyokuja navyo kina mama wengine, na ulipofika wakati wa kula, foleni yote ikaelekea kushoto. Hapakuwa na neno wala kusukumana. Waliokosea wakaanza kuja upande wa kulia walivutwa na wenzao kwa kiwiko. Vyungu vya Mama Leokadia vilibaki vimefunikwa, na yeye alisimama nyuma yavyo, mwiko mkononi, amevaa aproni nyeupe. Nilimtafuta Deo. Alikuwa ameketi karibu na wanaume, sahani yake iko magotini, na kilichokuwemo kilitoka meza ya kushoto.

Sijui niliamuaje. Nakumbuka tu kwamba ukumbi ulikuwa mpana kuliko nilivyodhani, na kwamba sauti za vijiko zilipungua nilipokuwa ninauvuka. Nikachukua sahani. Mama Leokadia alinitazama muda, kisha akafunua chungu. Alinipakulia kidogo tu, kijiko kimoja cha sombe na kipande cha ugali, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Nikala nimesimama, mbele yake, watu wote nyuma yangu. Sombe ilikuwa tamu, na ya moto, na kila tonge nililitafuna muda mrefu. Safari hii hakuja kusimama nyuma yangu. Alibaki upande wa pili wa meza, na baada ya tonge chache akainama karibu nami akasema, kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, "Usijilazimishe, mwanangu. Si lazima umalize." Nilimaliza. Hakuna mwingine aliyekuja.

Nilirudi Flemingsberg kwa basi. Jua lilikuwa limeshazama ingawa ilikuwa saa kumi tu, na vioo vilikuwa na ukungu wa pumzi za watu. Tulipopita kwenye mzunguko wa barabara tumbo langu likasokota. Nikajiambia ni njaa ya tangu asubuhi, ni huzuni, ni basi. Nikaweka mkono pale lilipokuwa likisokota, chini ya mbavu, upande wa kulia, kisha nikauondoa haraka.

Shangazi alikuwa ametangulia kurudi. Zamu yake ya usiku ilikuwa imemfanya aage mapema, kabla ya chakula. Alikuwa jikoni, bado na nguo nyeusi, lakini amevaa makubadhi ya nyumbani. Aliniuliza watu walikuwa wengi kiasi gani, nani alilia, nani alisali. Kisha akauliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Chakula cha nani?"

"Cha Mama Leokadia."

Shangazi, aliyekuwa amemtetea mwanamke yule kwenye simu jioni baada ya jioni, aligeuka, akafungua friji, akatoa maziwa. Akayamimina kwenye sufuria, akawasha jiko, akasimama akiyatazama mpaka yakapanda, kisha akayamimina kwenye kikombe kikubwa akakiweka mbele yangu. Nilikulia mahali ambapo kila mtoto anajua ni nani hupewa maziwa kwa haraka namna ile.

"Sina kiu, Shangazi," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hakunilazimisha. Alivuta kiti akaketi upande wa pili wa meza, mikono juu ya kitambaa cha plastiki. Treni ikapita chini yetu, dirisha likatetemeka, likatulia. Juu ya maziwa utando ulianza kujitanda. Shangazi aliutazama uso wangu, mimi nikatazama kikombe, na tukakaa hivyo wawili, bila kuambiana tunangoja nini.